Barua ya wazi kwa Kamati ya Dawa na Tiba kuhusu mgonjwa wa tumbo asiyepona

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Dawa na Tiba,
Hospitali ya Rufaa (jina tumelihifadhi).

YAH: WAGONJWA WA TUMBO LA MUDA MREFU KUTIBIWA "VIDONDA" BILA KIPIMO KINACHOFAA NA BILA KUULIZWA HALI YA AKILI

Ndugu Mwenyekiti,

Barua hii ilistahili kubaki kwenye faili la hospitali. Tuliileta kwanza kwa utaratibu wa kazi, ikapigwa muhuri wa kupokelewa, tukaahidiwa kwamba itaingia kwenye ajenda. Haikuingia. Tulipokumbusha kwa maandishi tulijibiwa kwa mdomo kwamba suala "linafanyiwa kazi". Wagonjwa wanaohusika wanaendelea kulipa, na jambo lenyewe haliko kwenu peke yenu. Liko katika hospitali na zahanati nyingi za nchi yetu na za jirani. Ndiyo maana tumeona tuliweke hadharani. Hatumtaji mtu wala hospitali. Anayeongoza kamati ya aina hii, popote alipo, aisome kama aliyeandikiwa yeye.

Tunachoomba ni hiki: mgonjwa anayelalamikia tumbo kwa miezi, asiye na dalili za hatari, apimwe kwa kipimo kinachoonyesha ugonjwa alio nao leo, kisha aulizwe kuhusu usingizi, hofu na huzuni katika chumba hicho hicho, siku hiyo hiyo, na daktari huyo huyo.

Mgonjwa mwenyewe mnamjua. Anaungua chini ya chembe ya moyo, tumbo linajaa akila kidogo tu, gesi haziishi, choo leo kigumu kesho majimaji. Fungueni daftari lake. Ukurasa wa kwanza: "PUD", yaani vidonda vya tumbo. Wa pili: "H. pylori +ve", yaani bakteria anayehusishwa na vidonda amepatikana, dawa za siku 14. Wa tatu: "PUD" tena. Kisha "UTI" (maambukizi ya njia ya mkojo), kisha "taifodi" kwa kipimo cha Widal kilichofanywa mara moja tu, kisha "gastritis" (uvimbe wa ukuta wa tumbo), na mwisho "PUD sugu", maneno ambayo humfanya aamini kwamba ana donda lisilopona ilhali hakuna aliyewahi kulitazama. Kurasa zote hizo, hakuna palipoandikwa analala saa ngapi, au kwamba huamka saa nane za usiku moyo ukienda mbio.

Hoja zetu ni hizi.

1. Kadi ya damu ya H. pylori imepewa kazi isiyoiweza.

Mtaalamu wa maabara hudondosha seramu kwenye kisima cha kadi, huongeza matone ya maji ya kipimo, husubiri dakika 10 hadi 15. Mstari wa C peke yake, hasi. Wa C na wa T, chanya. Kazi hiyo inafanyika vizuri na hatumlaumu aliyeifanya. Lililoharibika ni swali aliloulizwa. Kadi inatafuta kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini kama kovu, kwa miezi na hata miaka baada ya bakteria kufa. Katika nchi ambako watu wazima wengi wamepata bakteria huyu tangu utotoni, kadi hiyo itatoa chanya kwa mgonjwa, kwa ndugu aliyemsindikiza, na pengine kwa daktari mwenyewe.

Ubaya mkubwa huja baada ya dawa. Mgonjwa anamaliza siku 14 za omeprazoli ya kupunguza asidi na antibayotiki mbili, amoksilini na klarithromaisini, anarudi, anapimwa kwa kadi ile ile, mstari wa T unatokea, anapewa dawa upya. Huenda bakteria aliisha tangu mzunguko wa kwanza. Kadi haina uwezo wa kulisema hilo hata ikirudiwa mara kumi.

Kipimo kinachofaa ni cha choo kinachotafuta antijeni ya bakteria mwenyewe, au cha pumzi pale kilipo. Nacho kina masharti, na hapa ndipo hata hospitali zilizokwisha kukinunua hukosea. Omeprazoli na jamii yake zisimamishwe wiki 2 kabla, antibayotiki wiki 4 kabla, kwa sababu hupunguza idadi ya bakteria kiasi kwamba kipimo hutoa hasi ya uongo. Katika wiki hizo mbili mgonjwa aruhusiwe dawa ya kawaida ya kutafuna ya kupoza asidi, la sivyo ataenda duka la dawa kununua omeprazoli na asiwaambie. Choo kipimwe siku hiyo hiyo, na kama haiwezekani kikae kwenye jokofu. Kipimo cha kuthibitisha kwamba bakteria ameisha kifanyike si chini ya wiki 4 baada ya kidonge cha mwisho.

Hata chanya ya kweli ina mipaka yake. Wengi wanaobeba bakteria huyu hawapati kidonda maisha yao yote. Kwa mwenye maumivu ya juu ya tumbo ambaye kamera ya kutazama ndani ya tumbo haikuona kidonda, kumuua bakteria kunafaa, lakini faida ni ndogo: mnatibu takriban wagonjwa 14 ili mmoja apone dalili kwa sababu ya tiba hiyo. Hao wengine 13 mmewaandalia nini?

Hatupingi kazi ya Barry Marshall na Robin Warren, waliomgundua bakteria huyu na uhusiano wake na vidonda, walioanzia Perth, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Walituondoa katika enzi ambayo kila kidonda kilisingiziwa "mawazo". Sasa tumekwenda ncha ya pili, kila tumbo linasingiziwa bakteria.

2. Dawa zenyewe zinazalisha wagonjwa wapya.

Mwaka 2009 watafiti wa Copenhagen walichapisha jaribio la watu 120 wenye afya, wasio na shida yoyote ya tumbo. Nusu walipewa esomeprazoli, dawa ya jamii ya omeprazoli, miligramu 40 kwa siku kwa wiki 8, kisha wakabadilishiwa vidonge visivyo na dawa bila kujua. Nusu ya pili walimeza visivyo na dawa tangu mwanzo. Katika wiki nne zilizofuata, asilimia 44 ya waliotoka kwenye dawa walipata kiungulia, kucheua au tumbo kuuma, dhidi ya asilimia 15 ya wenzao. Asidi ikizuiwa, homoni ya gastrini hupanda na seli zinazochochea asidi huongezeka; dawa ikikatwa ghafla asidi hufurika.

Mgonjwa wetu hukatishwa omeprazoli kwa namna hiyo hiyo: kopo limeisha, basi. Wiki ya pili anaungua kuliko mwanzo, anarudi akisema vidonda vimerudi, na daktari anakubaliana naye. Aliyetumia zaidi ya wiki 8 apunguziwe: kutoka 40 hadi 20 kwa wiki mbili, kisha siku moja anywe na moja aache kwa wiki mbili nyingine, na aambiwe mapema kwamba atasikia moto kidogo na utapita. Onyo hilo halihitaji bajeti.

Kuhusu klarithromaisini tutasema kwa ufupi: kila mzunguko usio wa lazima unafuga usugu, na atakayekuja na kidonda cha kweli kinachovuja damu atakuta dawa haifanyi kazi.

3. Hakuna anayeuliza habari za akili, ilhali ushahidi upo.

Hapa ndipo kiini cha barua yetu.

Profesa Nicholas Talley wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Australia, pamoja na Natasha Koloski na wenzao, waliwafuatilia wakazi wapatao 1,000 wa Penrith, karibu na Sydney, kwa miaka 12. Hawakuwachukua hospitalini, waliwachukua mitaani, kwa kuwa anayekuja hospitali tayari amechujwa na hofu yake. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalikwenda pande mbili. Waliokuwa na tumbo zima mwanzoni lakini wenye wasiwasi mwingi, wengi zaidi walipata ugonjwa wa tumbo baadaye. Na waliokuwa na tumbo bovu lakini akili tulivu, wengi zaidi walikuja kuwa na wasiwasi na sonona. Mwaka 2016 timu hiyo hiyo ilirudi na watu 1,900 wa Newcastle waliofuatiliwa mwaka mmoja. Kati ya waliopata yote mawili, kwa takriban theluthi moja akili ilitangulia, na kwa theluthi mbili tumbo ndilo lililotangulia.

Tunaomba wajumbe wasimame hapo kidogo. Desturi yetu ni kuuliza "una mawazo?" kwa sauti ya kumfukuza mtu, baada ya vipimo vyote kutoka hasi. Takwimu hizi zinasema kwa walio wengi tumbo ndilo lililoanza, na huzuni ikafuata. Mtu anayeogopa kupanda basi la kwenda mkoani kwa sababu hajui choo kipo wapi, anayekataa kula harusini, anayeamka usiku tumbo likinguruma na kuanza kuhesabu ndugu waliokufa kwa saratani, huyo hakuzaliwa na wasiwasi. Kumuuliza hali ya akili yake hakumaanishi kwamba maumivu ni ya kubuni.

Njia zenyewe zinajulikana. Ukuta wa utumbo una mtandao wake wa seli za neva zaidi ya milioni 100. Neva ya vagasi inayounganisha tumbo na ubongo ina nyuzi ambazo takriban asilimia 80 hupeleka habari juu, kutoka tumboni kwenda kwenye ubongo. Maambukizi nayo hufungua mlango: karibu mtu mmoja kati ya kumi anayepata maambukizi ya tumbo yenye kuharisha hubaki na IBS, yaani tumbo linalouma na kuvuruga choo ilhali utumbo ukitazamwa hauna kidonda. Mji wa Walkerton, Ontario, nchini Kanada, ulipochafuliwa maji yake ya bomba mwaka 2000, zaidi ya watu 2,000 waliugua na 7 walikufa. Miaka 8 baadaye waliougua bado walikuwa na IBS kwa wingi kuliko majirani zao, na waliokuwa na wasiwasi au sonona kabla ya tukio walikuwa hatarini zaidi. Kwetu, ambako kuharisha ni jambo la kila msimu wa mvua, tunatarajia nini?

Vifaa vya kuuliza vipo na havilipiwi. Maswali mawili ya mwanzo ya PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima sonona, yanatosha kuchuja: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo, ni mara ngapi umejisikia huzuni au kukata tamaa. Kila moja lina alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 3, endelea na yote tisa; jumla ya 10 kwenda juu inahitaji hatua. Kwa wasiwasi kuna GAD-7, dodoso la maswali saba. Yote mawili yamejaribiwa kwa Kiswahili huko Kilifi, Kenya, miongoni mwa watu wazima wanaoishi na VVU.

Tahadhari moja kwa watakaoyatumia. Maswali kuhusu usingizi, hamu ya kula na uchovu hupandishwa na tumbo lenyewe, hivyo mtu anaweza kufika 10 bila kuwa na sonona. Akifika 10 kwa sehemu kubwa kutokana na maswali hayo matatu, huku mawili ya mwanzo yakiwa na alama chache, mtibuni tumbo kwanza na mrudie baada ya wiki 4. Swali la tisa, la mawazo ya kujidhuru, halisubiri hesabu: jibu lolote zaidi ya sifuri, mgonjwa haondoki kabla ya kuzungumza na mtu aliyefunzwa.

4. Rufaa ya kliniki ya akili imekuwa mlango wa kumtolea mgonjwa.

Anaandikiwa karatasi baada ya mwaka mzima wa dawa, bila maelezo. Anasikia kwamba ameitwa mwongo, au kwamba safari inayofuata ni Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Wengi hawaendi. Anakwenda duka la dawa, au kwa muuza mitishamba ambaye angalau anamsikiliza. Maneno ya kumwambia si magumu: "Maumivu yako ni ya kweli. Neva za utumbo wako zimekuwa kali, zinapokea gesi ya kawaida kama maumivu. Ukikosa usingizi zinazidi, na zikizidi unakosa usingizi. Tutatibu pande zote mbili." Yaandikwe, yabandikwe mezani kwa daktari.

5. Amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, imefungiwa kabati la kliniki ya akili.

Jaribio lililoitwa ATLANTIS, likiongozwa kutoka Leeds na Profesa Alexander Ford na wenzake, lilichapishwa mwaka 2023 katika jarida la Lancet. Wagonjwa 463 wa IBS katika vituo 55 vya afya ya msingi vya Uingereza, yaani kwa madaktari wa kawaida kabisa, walipewa amitriptilini ya kiwango kidogo au kidonge kisicho na dawa kwa miezi 6. Walianza na miligramu 10 usiku, wakapandisha wenyewe hadi 30 kadiri walivyoweza. Asilimia 61 ya waliomeza dawa walisema dalili zimepungua, dhidi ya 45. Walioacha kwa sababu ya madhara walikuwa asilimia 13 dhidi ya 9. Na kabla ya hapo, mwaka 2015, Talley na wenzake walikwisha kuonyesha kwamba kwa maumivu ya juu ya tumbo yasiyo na kidonda, amitriptilini miligramu 50 iliwasaidia asilimia 53, wakati esitalopramu, dawa nyingine ya sonona, haikuzidi kidonge kisicho na dawa.

Jambo la kuangalia: katika ATLANTIS alama za sonona na wasiwasi hazikubadilika. Dawa ilituliza neva za tumbo. Kwa hiyo hoja kwamba hii ni "dawa ya vichaa" ambayo daktari wa kawaida haruhusiwi kuiandika imekufa. Hoja ya pili inayotokana na hiyo ni kwamba mwenye sonona hajatibiwa sonona yake kwa miligramu 25. Anahitaji tiba kamili, kwa mfano fluoksetini miligramu 20 pamoja na ushauri, na aonywe kwamba siku za mwanzo fluoksetini inaweza kuleta kichefuchefu na kulainisha choo, asije akasema tumbo limeharibiwa zaidi.

Kwetu kidonge kinachopatikana kwa kawaida ni cha 25. Kigawanywe: nusu, yaani 12.5, saa mbili kabla ya kulala kwa wiki ya kwanza, kisha kizima. Asiambiwe kwamba atapona kesho. Wiki za mwanzo atapata mdomo mkavu na uzito wa asubuhi, faida huja taratibu, na uamuzi wa kuendelea au kuacha ufanywe baada ya wiki 6. Mwenye choo kigumu itamzidishia. Asipewe mwenye matatizo ya mapigo ya moyo, presha ya macho au tezi dume iliyovimba. Mzee aanzishwe kwa uangalifu. Na kabla ya kuandika, aulizwe kama anatumia tramado, dawa ya maumivu. Amitriptilini ikizidishwa inaua. Aliyejibu swali la tisa kwa zaidi ya sifuri asikabidhiwe vidonge vya mwezi.

6. Orodha ya "usile".

Karatasi inayogawiwa inakataza maharage, pilipili, ndimu, chai, nyama nyekundu, maziwa na mihogo, milele. Mgonjwa wa kipato cha chini akikatazwa maharage na maziwa anabaki na ugali na mchicha, anakonda, na kukonda kunasomwa kama dalili ya saratani. Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, kimeonyesha njia nzuri zaidi: punguza sukari zinazochachuka tumboni kwa wiki 2 hadi 6, kisha zirudishe moja moja uone ipi inayokusumbua. Kwa meza yetu, vya kupunguza ni vitunguu vya aina zote, maharage na kunde, maziwa, chapati na mkate wa ngano, embe na tikiti. Wali, ugali wa mahindi, samaki, mayai, karoti na mchicha havina shida. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa na kupikwa kwa maji mapya, wengi huyavumilia. Na kama tatizo ni vitunguu tu, kwa nini mtu aache ndimu?

Tunajua mtakayojibu.

Mtasema foleni ni ndefu. Maswali manne ni dakika mbili, na muuguzi anayepima presha anaweza kuyauliza. Mgonjwa anayerudi mara nane kwa mwaka ndiye anayeitengeneza hiyo foleni.

Mtasema tutakosa saratani. Hofu hiyo tunaiheshimu kuliko zote, maana ukanda wa Bonde la Ufa kutoka Ethiopia kushuka kusini una saratani nyingi ya umio. Lakini dalili za hatari zinajulikana: chakula kukwama, kutapika damu, choo cheusi, upungufu wa damu, kukonda bila sababu, uvimbe unaoshikika, homa, kuharisha kunakomwamsha mtu usiku, na tumbo jipya kwa aliyevuka miaka 50. Huyo aende moja kwa moja kwenye kamera, bila kadi ya damu wala siku 14 za kujaribu. Utaratibu wa sasa ndio unaomchelewesha: anazunguka na "PUD" miezi sita huku umio ukiziba.

Mtasema kwetu kuna kichocho, amiba, giadia, VVU na kifua kikuu cha tumbo. Kweli kabisa, na kando ya Ziwa Victoria kichocho cha tumbo hakiwezi kupuuzwa. Pimeni choo kwa hadubini, wingi wa damu na VVU, mara moja, vizuri, mwanzoni. Vikiwa hasi, msivirudie kila mwezi kwa sababu tu hamna jingine la kufanya.

Mtasema hizi ni tafiti za wazungu. Utafiti mkubwa wa dunia wa magonjwa haya, uliochapishwa mwaka 2021, ulihoji zaidi ya watu 73,000 katika nchi 33, na hakuna hata moja ya Afrika Mashariki. Mna haki ya kulalamika. Basi anzeni kuandika takwimu, kwa sababu kadi ya damu haitaziandika. Upande wa ushauri nasaha hamna kisingizio hicho. Huko Harare, akina bibi waliofunzwa kutatua matatizo kwa vikao sita, wakikaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, walipunguza sonona na wasiwasi katika jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016 chini ya Profesa Dixon Chibanda. Mpango huo umefika Zanzibar.

Na iliyobaki haisemwi kikaoni, nasi tutaisema: kadi na dawa za siku 14 zinaingiza fedha, mazungumzo hayaingizi. Kama hiyo ndiyo sababu, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Tunachoomba:

(a) Kadi ya kingamwili ya H. pylori iondolewe kwenye fomu ya maabara kwa wagonjwa wa tumbo, na kipimo cha antijeni ya choo kiwekwe badala yake, masharti ya wiki 2 na wiki 4 yakichapwa kwenye fomu hiyo hiyo.

(b) Dawa za kuua H. pylori zisitolewe mara ya pili bila kipimo cha choo kilichofanywa wiki 4 au zaidi baada ya mzunguko wa kwanza.

(c) Maswali mawili ya PHQ-9 na mawili ya GAD-7 yaingie kwenye karatasi ya vipimo vya awali, yaulizwe na muuguzi faraghani, si kwa sauti kwenye benchi la foleni.

(d) Madaktari wa wagonjwa wa nje waruhusiwe kuandika amitriptilini hadi miligramu 25 kwa IBS na kwa maumivu ya juu ya tumbo yasiyo na kidonda, wakiwa na orodha ya wasiopaswa kupewa.

(e) Mshauri nasaha au muuguzi wa afya ya akili akae kliniki ya tumbo angalau siku moja kwa wiki, katika chumba kisicho na kibao cha "akili" mlangoni.

(f) Karatasi ya "usile" ifutwe.

(g) Utambuzi uandikwe kwa jina lake: "IBS", "dispepsia bila kidonda", "kidonda kilichoonekana kwa kamera". Neno "PUD" lisiandikwe kwa mtu ambaye hajawahi kutazamwa, ili baada ya mwaka tuweze kuhesabu.

Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30, yakionyesha ni ombi lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani. Rasimu ya fomu mpya ya maabara na ya maswali ya muuguzi tumeziambatanisha. Tukiitwa kikaoni tutakuja na tafiti tulizozitaja, kila mjumbe na nakala yake.

Wenu katika kazi,

Madaktari, wauguzi, wafamasia na wataalamu wa maabara
wa huduma ya wagonjwa wa nje.

Nakala: Mganga Mkuu wa Hospitali, Mkuu wa Maabara, Mratibu wa Huduma za Afya ya Akili.